Usimwulize Mtu Kama Anajua Kuogelea

Wakufunzi wapya, wadogo zangu,

Jumamosi iliyopita nilikaa ukingoni nikijifanya ninakunja taulo, kumbe ninawatazama ninyi. Nilimwona mmoja wenu, ambaye jina lake ninalihifadhi kwa sababu bado ninampenda, akipita kwenye mstari wa watu wazima waliokuja kujiandikisha, fomu mkononi, akimwuliza kila mmoja, "Unajua kuogelea?" na kutia alama ya vema kila alipojibiwa "ndiyo". Watu kumi na wawili kwa dakika tatu, kazi imekwisha. Tumbo lilinikata, kwa kuwa kosa hilo nililifanya mimi kabla yenu, na kila anayeingia kazini hulifanya upya kana kwamba amelivumbua yeye.

1. Swali la ndiyo au hapana haliulizwi.

Kila mtu ana kuogelea kwake. Yuko aliyejifunza mtoni, ambaye kwake kuogelea ni kutoka jiwe hili hadi lile. Yuko aliyejifunza baharini, ambako maji ya chumvi ni mazito kuliko maji baridi na humwinua mtu bila yeye kujua, hata siku akija bwawani hushangaa miguu inavyomvuta chini. Yuko aliyetoswa na kaka yake, akaibuka akihema na kutema maji, akahesabiwa kuwa amefuzu. Na yuko aliyejifunza kwenye maji ya kiunoni, ambaye kila alipochoka alisimama. Wote wanne watawajibu "ndiyo", na hakuna hata mmoja atakayekuwa amewadanganya. Kwa hiyo ulizeni alijifunzia wapi, alifundishwa na nani, mara ya mwisho aliingia majini lini, na kama amewahi kufika mahali ambapo miguu haigusi chini. Kisha, hata akijibu kwa ufasaha namna gani, aonyeshe kwenye kina kifupi: azamishe uso na kutoa pumzi, aelee chali kwa dakika moja, ageuke, arudi ukingoni. Mkiniambia kwamba jaribio hilo linachelewesha darasa, nitawakumbusha kwamba Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na kwamba dakika tano si kitu.

2. Mfa maji hatapatapi kama mnavyodhani.

Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Katika mwaka wangu wa pili wa kazi alikuja baba mmoja mrefu, mwenye mabega ya mtu anayebeba mizigo, na sauti iliyojaa bwawa zima. Nilimwuliza kama anajua kuogelea, naye akacheka, akasema ameogelea tangu utotoni. Nilimwamini kwa sababu ya yale mabega. Sasa ninajua kwamba mabega ndiyo yaliyopaswa kunitia shaka, kwani mwili wenye misuli mingi na mafuta machache huelea kwa shida, lakini wakati ule nilikuwa na haraka, na watoto sita walikuwa wananingoja na mbao zao za kuelea. Nikamwelekeza kwenye kina kirefu, nikamwambia apashe mwili moto, nikageuka kurekebisha miguu ya binti wa miaka tisa aliyekuwa akipiga maji kama anayeendesha baiskeli.

Nilipoinua macho, yule baba alikuwa katikati ya bwawa, amesimama wima majini, kichwa nyuma, mdomo ukiwa sawasawa na maji, ukiingia na kutoka. Mikono yake ilikuwa imetandazwa ubavuni, ikikandamiza maji kuelekea chini. Hapakuwa na kelele wala mrusho wa maji. Nilidhani anapumzika. Ninaliandika hili kwa uchungu: nilimtabasamia na kumwonyesha kidole gumba, kisha nikarudi kwenye miguu ya yule binti.

Binti ndiye aliyesema, "Mwalimu, mbona yule baba amenyamaza?"

Kweli, mtu ambaye tangu aingie alikuwa akizungumza na kila mtu alikuwa amenyamaza. Anayezama hawezi kuita, kwa kuwa kila mdomo unapotoka nje ya maji huwa na nafasi ya kuvuta pumzi tu. Wala hawezi kupunga mkono, kwa kuwa mwili wenyewe umekwisha kuiamuru mikono ishike maji. Hali hiyo hudumu sekunde 20 hadi 60 kabla hajaenda chini, na mimi nilikuwa nimezitumia nyingi kwa tabasamu. Tuna methali isemayo mfa maji haachi kutapatapa, nami nililelewa nayo, nikawa ninangoja kutapatapa huko ili nijue kuna hatari. Ile nyingine, kwamba mfa maji hukamata maji, ndiyo iliyoandikwa na mtu aliyewahi kutazama vizuri.

Nikafanya kosa la pili juu ya la kwanza. Ule mti mrefu wa kuokolea ulikuwa ukutani, hatua tatu kutoka nilipokuwa, nami nikaruka mikono mitupu. Alinishika shingo. Mtu wa ukubwa ule akikushika shingo unasahau vyeti vyote ulivyopata. Nililokumbuka lilikuwa moja tu, kwamba anayezama anataka kwenda juu, basi ukienda chini atakuachia. Nikajizamisha, akaniachia, nikaibukia nyuma yake na kumsukuma hadi ukingoni, ambako alikaa akikohoa huku watoto sita wakitutazama.

Alipopata sauti aliniambia kwamba mto wa kwao haukuwahi kumpita kifua. Hakunidanganya, aliogelea huko tangu utotoni kama alivyosema. Sikumwuliza kina. Tulimpeleka akaangaliwe na daktari, kwa kuwa aliyemeza maji mapafuni anaweza kuzidiwa saa kadhaa baadaye, naye akapona, lakini hakurudi tena. Viatu vyake vya mpira vilikaa kwenye sanduku la vitu vilivyosahauliwa kwa muda mrefu, nami ndiye niliyekuwa nikizuia visitupwe.

3. Mti wa kuokolea uwe mkononi mwa mlinzi, usiwe pambo la ukuta.

4. Mtu huogelea urefu wa bwawa alilojifunzia.

Mnamkumbuka Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta, katika Michezo ya Olimpiki ya Sydney mwaka 2000. Alikuwa amejifunza kuogelea miezi michache tu kabla ya hapo, kwenye bwawa fupi la hoteli, na bwawa la mita 50 alilikuta huko huko mashindanoni. Wenzake wawili wa kundi lake waliondolewa kwa kuruka kabla ya ishara, akaogelea mita 100 peke yake kwa dakika 1 na sekunde 52.72. Ninyi vijana huitazama picha ile mkicheka. Mimi hutazama mita zake za mwisho, jinsi miguu ilivyokuwa imeshuka na mikono ikichota maji pasipo kusonga, na ninaona mwanafunzi ambaye mwili wake ulizoea kwamba ukuta ulipaswa kuwa umefika zamani. Alimaliza, nami ninamheshimu kuliko wengi wenye medali. Ila mwanafunzi wenu akifanya hivyo ziwani, hakuna kamba ya kushika wala watu wa kumshangilia.

5. Pumzi hufundishwa kabla ya mikono.

Wengi wanaosema wanachoka haraka hawajachoka, wamebana pumzi. Watoe hewa wakiwa ndani ya maji, polepole. Na mkimwona kijana anahema kwa nguvu mara kumi ili azamie mbali, mtoeni majini hapo hapo. Kinachotudai pumzi ni kaboni dioksidi inayojaa mwilini, na yeye ameipunguza kwa kuhema huko, basi atapoteza fahamu chini ya maji kabla hajajisikia kuhitaji hewa.

6. Watu wazima wana aibu.

Msiwafundishe mbele ya watoto. Miguu ikiwazama, waelezeni kwamba hewa iko kifuani na uzito uko nyongani, wasije wakadhani ni uzembe wao.

7. Fomu.

Ile fomu yenye kisanduku cha "Anajua kuogelea: ndiyo/hapana" niliichana Jumamosi jioni, na wale kumi na wawili wataanza wote kwenye kina kifupi. Aliyebaki na nakala aniletee kabla ya darasa la Jumatatu.