Wavuvi wa sambaza kwa kalamu tatu

Wadogo zangu mnaoandika hadithi hapa Bukavu, kila mara mnaniuliza nani mkali zaidi kati ya waandishi wawili wa hadithi za ajabu, Mfaransa Jules Verne au Mmarekani Ursula Le Guin. Mimi nilimwiga Verne miaka mingi kwa sababu moja tu: vitabu vyake ndivyo nilivyovikuta kwanza, kwa Kifaransa, vimepangwa chini kando ya barabara. Jaribuni hivi: chukueni tukio moja mnalolijua, mliandike kwa namna ya kila mmoja.

Langu lilikuwa la wavuvi wa sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu. Usiku, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja, taa zinamulika maji, na chini kabisa gesi imelala.

Verne anakuaminisha kwa vipimo. Nautilus, nyambizi ya riwaya yake, ina urefu wa mita 70 na upana wa mita 8. Ukishapewa hesabu hiyo hubishi tena. Basi nikapima Kivu: kina karibu mita 480, methani imeyeyuka humo, uzito wa maji ya juu umeikandamiza. Hesabu zikakaa sawa, lakini mvuvi wangu akawa bubu. Nikakumbuka kitabu cha Verne cha 1863, puto likiondoka Zanzibar kuvuka Afrika. Humo tunatazamwa kutoka juu, na watu wa Kazeh, Tabora ya leo, wanalidhani puto ni mwezi. Mwigeni vipimo, msisimame aliposimama.

Le Guin anaanzia ardhini. Katika riwaya yake ya 1968, mtoto mchunga mbuzi anamsikia shangazi yake akitamka maneno, naye anayajaribu mlimani. Mbuzi wote wanakuja. Wanamzunguka, wanambana kwa pembe, anakimbia nao wanakimbia naye hadi kijijini. Uchawi hauelezwi, unaona macho ya mbuzi na hofu ya mtoto, basi. Nilipomfuata, mvuvi wangu akapata neno ambalo babu yake alimkataza kulitamka juu ya maji. Hapo ndipo alipoanza kusema.

Na Shaaban Robert msimwache nje, tafadhali! Kusadikika, nchi ya kubuni katika kitabu chake cha 1951 chenye jina hilohilo, inaelea angani. Wajumbe sita wanatumwa, kila mmoja anarudi na mema aliyojifunza, kila mmoja anafungwa. Someni kwa sauti msikie marudio hayo yanavyokaba koo.

Hadithi yangu sasa ina gesi, ina neno la babu, na mvuvi anarudi ufukweni kuonya watu. Ameshafukuzwa mara tatu. Mara ya nne naiandika wiki hii.