Usiuze difu ya nyuma kabla ya giaboksi

Siku ya kwanza ya kuifungua Subaru Impreza STI yangu iliyogongwa, ili niiuze kipande kimoja kimoja, kijana mmoja alifika gereji kule Industrial Area na pesa taslimu mkononi. Alitaka difu ya nyuma tu, ile inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya nyuma. Bei aliyotaja ilinipendeza, tukaitoa, akaondoka nayo kwa bodaboda. Giaboksi ilikaa pale miezi minne.

Kila aliyekuja kuiangalia aliuliza, "Na difu yake iko wapi?" Walikuwa na sababu. Giaboksi ya gia sita ya STI ina uwiano wake, yaani shafti izunguke mara ngapi ili gurudumu lizunguke mara moja, na difu ya nyuma lazima iendane na uwiano huo. Zikitofautiana, mbele na nyuma zinavutana muda wote gari linapotembea, hadi difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, inaungua. Tena difu ya STI ni kubwa kuliko ya WRX, Impreza ya chini yake, kwa hiyo hata shafti zake si zilezile. Anayehamishia giaboksi hiyo kwenye gari lake anataka difu, shafti za nyuma, propela inayounganisha giaboksi na difu ya nyuma, na kile kikompyuta kinachoongoza difu ya katikati. Vyote hivyo viuze kwa pamoja. Mimi giaboksi niliitoa kwa hasara, na mpaka leo inaniuma.

Gari lenyewe, la 2005, liligongwa ubavuni usiku katika Waiyaki Way. Chesisi ilipinda, na bima yangu haikulipia uharibifu wa gari langu. Madalali wa Kirinyaga Road, ile ambayo wazee bado huiita Grogan, walinipa bei moja ya gari zima, bei ambayo haikufikia hata thamani ya injini. Nairobi hii tunaipenda Impreza tangu Colin McRae ashinde nayo Safari Rally 1997 na Richard Burns 2000. Wateja wapo. Kinachowatia hofu ni kununua chuma wasichojua historia yake.

Kwa hiyo, kama injini yako bado inaweza kuwashwa, usiguse boliti hata moja kabla ya kuirekodi ikipimwa. Tuliweka betri yenye chaji kamili, tukaipasha injini moto, tukaizima, tukatoa plagi zote nne na fyuzi ya pampu ya mafuta. Fundi akafunga kipimo cha kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, kwenye tundu la kwanza, mimi nikakanyaga mafuta hadi chini na kupiga stata huku mke wangu akirekodi kwa simu. Silinda ya kwanza psi 145, ya pili 140, ya tatu 145, ya nne 140. Namba ya injini nayo tukairekodi. Video hiyo ya dakika sita ndiyo iliyouza injini kwa mtu wa Eldoret, ambaye hakuja kuiona mpaka siku ya kuibeba. Injini ikishalala sakafuni, maneno yako matamu hayapimi kompresheni.

Rimu nazo zilinifundisha. Baba mmoja alitoka Thika akiwa na STI ya 2003, na mimi nilikuwa nimemwambia kwenye simu, "Ni STI kwa STI, zitaingia tu." Hazikuingia. Mpaka mwaka wa 2004 matundu matano ya rimu za STI yalikaa kwenye mduara wa milimita 100. Kuanzia 2005 ni milimita 114.3. Nilimrudishia nauli yake, na tangu siku hiyo kila kipande nilikibandika karatasi yenye mwaka, namba yake na vipimo.

Mteja wa Nairobi anaogopa pia mali ya wizi, na si bure, maana vioo vya pembeni vinang'olewa kila siku kwenye foleni. Mwonyeshe kitabu cha gari na kitambulisho chako, kisha mwandikie risiti yenye namba ya chesisi. Na wewe, akikuonyesha ujumbe wa M-Pesa kwenye simu yake, angalia salio lako mwenyewe kwanza ndipo uachilie mzigo.

Mikanda ya usalama na mifuko ya hewa sikuuza, ingawa niliombwa mara nyingi. Mkanda ulioubeba mwili wangu usiku ule ulikuwa umeshavutika. Siwezi kumfunga nao mtoto wa mtu. Mikanda niliikata vipande kwa kisu.

Likibaki ganda, usiliachie wa vyuma chakavu lilivyo. Namba yako ya chesisi ikiangukia mikono mibaya, inaweza kuvishwa gari la wizi, na polisi watabisha mlangoni kwako. Toa namba zote mbili za usajili, uijulishe NTSA, mamlaka inayosajili magari, kwamba gari halipo tena, uzirudishe huko. Ile sehemu ya chesisi yenye namba tuliikata kwa gesi mbele ya macho yangu. Iko kwenye droo, pamoja na nakala za kitabu cha gari na za risiti zote.