Waisraeli na Mungu mmoja: si tangu mwanzo

Unauliza kama Waisraeli wa kale waliamini tangu mwanzo kwamba Mungu ni mmoja tu? Hapana ndugu, hawakuanza na imani hiyo. Kwa muda mrefu walimwabudu Yahweh (jina la Mungu wao, ambalo Biblia ya Kiswahili huliandika “Bwana”) huku wakiamini miungu ya mataifa mengine nayo ipo. Soma Kutoka 15:11: “Ee Bwana, katika miungu ni nani aliye kama wewe?” Sifa hiyo ina uzito kwa mtu anayeamini hao wengine wapo. Tena kule Kuntillet Ajrud, jangwani Sinai, miaka ya 1970 wachimbaji walikuta mitungi mikubwa ya mwaka 800 KK hivi, imeandikwa kwa wino mwekundu baraka za “Yahweh wa Samaria na Ashera wake”; Ashera lilikuwa jina la mungu wa kike wa Wakanaani. Hayo waliandika waumini wenyewe, si maadui zao! Kauli ya wazi kwamba hakuna Mungu mwingine kabisa iko Isaya 45, na wataalamu wengi wanaiweka wakati wa uhamisho wa Babeli, baada ya Yerusalemu kuanguka karibu mwaka 586 KK. Ila kuhusu “Ashera” wa maandishi hayo, bado wataalamu wanabishana kama ni mungu huyo wa kike mwenyewe au nguzo yake ya ibada.