Kusini mwa China au Kusini ya China? Na kipwa kilichoitwa kisiwa

SWALI: Nasoma taarifa ya habari redioni. Juzi nilikuta sentensi hii mezani: "Manowari mbili za China zimeifyatulia mizinga ya maji boti ya Ufilipino karibu na kisiwa cha Second Thomas, katika Bahari ya Kusini mwa China, ndani ya bahari kuu ya Ufilipino." Mwenzangu anashikilia kwamba jina sahihi ni Bahari ya China Kusini. Mimi nilitatizwa zaidi na manowari, maana nilijua ni chombo kinachopita chini ya maji. Nani yuko sahihi? Na je, Indo-Pasifiki ni sawa na Asia-Pasifiki?

JIBU: Ndugu msomaji, tuanze na jina la bahari, kwa kuwa kosa lake limejificha kwenye silabi moja tu.

Tukisema Mtwara iko kusini mwa Tanzania, hiyo "mwa" ni ile ile ya "nyumbani mwangu": inaonyesha undani. Mtwara imo ndani ya Tanzania, upande wa kusini. Msumbiji haiko kusini mwa Tanzania. Iko kusini ya Tanzania, maana iko nje ya mpaka. Katika mazungumzo ya kila siku wengi wetu tunazichanganya na hakuna anayepotea njia. Lakini hapa pana mzozo wa nani ana haki gani katika bahari hiyo, na pande zinazodai visiwa na miamba yake ni sita: China, Taiwan, Vietnam, Ufilipino, Malaysia na Brunei. Anayesoma "Kusini mwa China" amekwishaiweka bahari nzima ndani ya China kabla habari haijaanza.

Mwenzako naye ana hoja, ila fomu yake ina kasoro nyingine. Katika Kiswahili, jina la nchi likifuatwa na jina la upande huzaa jina la nchi nyingine kamili: Afrika Kusini, Sudan Kusini, Korea Kusini. Msikilizaji asiyefuatilia habari za Asia atadhani ipo nchi iitwayo China Kusini na bahari yake. Mimi ningeshauri Bahari ya Kusini ya China, na kwa ile iliyo juu yake, penye visiwa vinavyogombewa na Japani na China, Bahari ya Mashariki ya China. Neno China kubaki ndani ya jina si tatizo. Bahari ya Hindi haijawahi kuifanya Mombasa kuwa mali ya India.

Majina ya wenyewe pia yapo, na yana mipaka yake. Ufilipino tangu 2012 inatumia rasmi jina Bahari ya Ufilipino Magharibi, lakini kwa sehemu inayoihusu tu, si kwa bahari nzima. Vietnam husema Bahari ya Mashariki. Indonesia mwaka 2017 iliita sehemu yake Bahari ya Natuna Kaskazini. Majina haya yasitumike kama visawe ili kuepuka kurudia neno. Yakitumika, itajwe nani anayeita hivyo.

Sasa "kisiwa cha Second Thomas". Hapa ndipo kosa ni zito kuliko yote, na inauma kwa sababu Kiswahili cha pwani kina neno kamili tayari. Sehemu ya mwamba au mchanga inayoonekana maji yakipwa na kufunikwa maji yakijaa huitwa kipwa, wingi vipwa. Ni mzizi ule ule wa kupwa na pwani. Mvuvi hakiiti kipwa kisiwa, kwa sababu akifunga chombo chake hapo na kulala, maji yakijaa atajikuta anaogelea.

Sheria ya bahari inafuata mantiki hiyo hiyo ya mvuvi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1982 unasema kisiwa ni ardhi ya asili iliyozungukwa na maji na inayobaki juu maji yanapojaa. Kisiwa hubeba maili 12 za bahari ya nchi na maili 200 za ukanda wa kiuchumi. Mwamba ambao hauwezi kutegemeza makazi ya watu wala maisha ya kiuchumi kwa uwezo wake wenyewe hubeba maili 12 tu. Kipwa kilicho mbali na nchi kavu hakibebi chochote. (Maili hizi ni za baharini, mita 1,852 kila moja. Kwa hiyo maili 200 ni takriban kilomita 370, si 320 kama hutokea mtafsiri akitumia maili ya barabarani.) Ukibadili neno kipwa kuwa kisiwa, umetoa haki ya maelfu ya kilomita za mraba za bahari bila kujua.

Second Thomas ni kipwa. Tarehe 12 Julai 2016 jopo lililokaa The Hague katika shauri la Ufilipino dhidi ya China liliamua hivyo, na likasema kimo ndani ya ukanda wa kiuchumi wa Ufilipino. China ilikataa uamuzi huo na bado inaukataa. Ufilipino ina wanajeshi wachache pale, wanaoishi ndani ya Sierra Madre, meli chakavu iliyopandishwa kwenye mwamba kwa makusudi mwaka 1999. Boti zinazomwagiwa maji ni zile zinazowapelekea chakula na mahitaji mengine. Jopo hilo hilo lilisema Mischief, sehemu nyingine ya bahari hiyo, nacho ni kipwa, ingawa leo China imekijaza mchanga na zege na kujenga uwanja wa ndege juu yake. Hapo neno sahihi ni "kisiwa bandia", na kisheria kisiwa bandia hakina bahari yake. Kina eneo la usalama lisilozidi mita 500 kukizunguka. "Visiwa vya Spratly" acha kama lilivyo, kwa kuwa ni jina la mahali, la kundi zima lenye Second Thomas na Mischief. Kwa sehemu moja moja, uliza kwanza: maji yakijaa, kinabaki nini juu? Ukikosa jibu, tumia fungu, neno pana zaidi, kama lilivyo kwenye jina la Fungu Yasini karibu na Dar es Salaam.

Kuhusu jopo hilo, naomba pia lisiitwe "Mahakama ya Kimataifa ya Haki". Hiyo ni nyingine, ndiyo iliyotoa hukumu ya mpaka wa bahari kati ya Somalia na Kenya Oktoba 2021. Wala tusiseme "jopo la usuluhishi" kwa kujiamini sana. Watanzania waliopita Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa kesi za kazi wanaijua tofauti: msuluhishi huwapatanisha, mwamuzi hukata shauri. Jopo la 2016 lilikata shauri. Ni jopo la uamuzi. Na halikuamua nani ni mwenye visiwa. Liliamua kila umbo la baharini linabeba haki gani, na kwamba madai ya China ya haki za kihistoria ndani ya ule mstari wa vipande tisa inaouchora kwenye ramani kuzungushia sehemu kubwa ya bahari hiyo hayana msingi katika mkataba. Kuandika kwamba "Ufilipino ilipewa visiwa" ni kupotosha.

"Bahari kuu ya Ufilipino" inajipinga yenyewe. Katika sheria, bahari kuu ni ile iliyo nje ya maili 200, isiyo ya nchi yoyote. Naelewa mkanganyiko unatoka wapi: Tanzania ina Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu, inayosimamia uvuvi katika ukanda wa kiuchumi wa nchi, na kwa mvuvi bahari kuu ni kule mbali penye kina. Matumizi hayo yako sawa kwa uvuvi, ila kwenye mzozo wa mipaka yatakuangusha. Sema "ukanda wa kiuchumi wa baharini". Usiseme "eneo maalumu la kiuchumi", kwa sababu msikilizaji anajua hilo ni eneo la viwanda lenye nafuu ya kodi.

Manowari ni meli ya kivita. Neno limetoholewa kutoka man-of-war ya Kiingereza, enzi za matanga, na manowari zilizopiga kasri la Zanzibar tarehe 27 Agosti 1896 zilikuwa juu ya maji mchana kweupe. Chombo kinachozama ni nyambizi. Lakini katika sentensi yako hakuna hata meli ya kivita: zilikuwa meli za walinzi wa pwani. Ni kweli kwamba tangu 2018 walinzi wa pwani wa China wako chini ya polisi wenye silaha wanaoamriwa na Kamisheni Kuu ya Kijeshi. Hilo lielezwe kwa maneno yake, lisifupishwe kwa kuita meli zao manowari.

Uangalifu huu una sababu. Mkataba wa ulinzi kati ya Ufilipino na Marekani wa 1951 unahusu "shambulio la silaha", na mwongozo wa nchi hizo mbili wa Mei 2023 ulitamka wazi kwamba walinzi wa pwani nao wamo. Kwa hiyo "manowari zimefyatua mizinga" ni sentensi inayoashiria vita. Mzinga ni bunduki kubwa, na kufyatua ni kwa risasi. Kilichotokea ni maji yaliyorushwa kwa bomba lenye shinikizo kubwa. Si jambo dogo: tarehe 5 Machi 2024 maji hayo yalivunja kioo cha mbele cha boti Unaizah May 4 na kujeruhi mabaharia wanne. (Hiyo "May 4" ni sehemu ya jina la boti. Ukiitafsiri kuwa "4 Mei" umezua tarehe mpya.) Andika "zimeirushia maji kwa mabomba yenye nguvu", kisha mhariri ahakikishe hakuna aliyechapa mabomu. Silabi moja inatosha kuleta balaa.

Tukiwa kwenye nyambizi, "nyambizi za nyuklia" za Australia nazo zinahitaji neno la ziada. Mpango wa AUKUS, uliotangazwa Septemba 2021 na Australia, Uingereza na Marekani, ni wa nyambizi zinazoendeshwa kwa nyuklia, zenye silaha za kawaida. Australia imo katika Mkataba wa Rarotonga wa 1985 unaopiga marufuku silaha za nyuklia Pasifiki ya Kusini. Ukiacha "zinazoendeshwa kwa", unaituhumu kwa kuvunja mkataba.

Indo-Pasifiki si Asia-Pasifiki. Ya kwanza inaunganisha Bahari ya Hindi na Pasifiki kuwa uwanja mmoja wa siasa, na China hailipendi neno hilo. Tena si kwa kila mtu mipaka yake inakomea India: Shinzo Abe alitangaza sera ya Japani ya Indo-Pasifiki huru na wazi akiwa Nairobi, Agosti 2016, na Ufaransa huhesabu Mayotte na Reunion. Andika lile alilotumia msemaji. Na akitajwa mshauri wa usalama wa taifa wa nchi fulani, kumbuka Mtanzania akisikia "usalama wa taifa" anawaza ushushushu; ongeza "wa rais" au "wa waziri mkuu".

Sentensi yako basi ningeisoma hivi: "Meli mbili za walinzi wa pwani wa China zimeirushia boti ya Ufilipino maji kwa mabomba yenye nguvu karibu na Second Thomas, kipwa kilicho katika Bahari ya Kusini ya China. Jopo la uamuzi lilisema mwaka 2016 kwamba kipwa hicho kimo katika ukanda wa kiuchumi wa Ufilipino. China inaukataa uamuzi huo." Mara ya kwanza ongeza "yaani fungu linaloonekana maji yakipwa", kwa ajili ya msikilizaji wa bara. Sekunde zikibana, toa "yenye nguvu" na "mbili". Maneno saba kuanzia "kimo" hadi "Ufilipino" yasiguswe, wala yale ya China kukataa.