Bi Fundi Anajibu: "Hii Si Qurani Niliyosoma Mie"

Barua kutoka Wete, Pemba

Bi Fundi, assalaamu alaykum. Mama yangu amepindukia miaka sabini. Kila siku baada ya alasiri hukaa barazani akasoma Qurani kwenye simu aliyoletewa na dada yangu kutoka Unguja. Alilalamika kuwa herufi za ile programu ni nyembamba kama nyuzi. Kijana mmoja akanirushia fonti kwa Telegram, nikaiingiza. Sasa katikati ya aya kuna miraba mitupu, na irabu nyengine zinaelea mbali na herufi zake. Mama, ambaye zamani akisomesha chuo cha Qurani, amenirudishia simu akasema, "Hii si Qurani niliyosoma mie." Nimebadilisha mtindo wa maandishi kwenye mipangilio ya simu, haikusaidia kitu. Nimeiondoa programu nikaipakua upya, bando likaisha, nikaiweka tena fonti ile ile, miraba ikarudi pale pale. Je, Qurani ndani ya simu imeharibika? Nifanye nini?

Jawabu

Waalaykumu ssalaam, mdogo wangu. Anza kwa kumtoa mama wasiwasi: Qurani haijaguswa. Ndani ya simu aya zimehifadhiwa kwa namba. Kila herufi ina namba yake, kila fatha, kasra na shadda ina yake, katika mpango mmoja wa dunia nzima unaoitwa Unicode. Fonti ni kalamu ya kuzichora namba hizo, basi. Ulichobadilisha wewe ni kalamu.

Ila kalamu uliyopewa haijui kuandika kila kitu. Fonti nyingi za Kiarabu zimetengenezwa kwa magazeti, matangazo na kadi za harusi. Zina alifu mpaka yaa, na irabu za kawaida, lakini msahafu una alama ambazo gazeti halina haja nazo: jiim ndogo ya waqfu (mahali pa kusimama), alifu ndogo ya juu, alama ya hamzatul-wasli (alifu inayomezwa ukiunganisha maneno), ile miim ndogo ya iqlabu (nuni inayosomwa miim). Simu ikikuta namba ambayo fonti yako haina umbo lake, hujaribu kuazima umbo hilo kwenye fonti yake yenyewe. Ikilipata, unaona irabu inayoelea, kwa sababu herufi imetoka fonti moja na irabu fonti nyengine, na hazikupimiwa pamoja. Ni kama kofia ya mtu mwengine. Ikilikosa, inakuchorea mraba. Kwa hiyo miraba na irabu zinazoelea ni ugonjwa mmoja, na kuifuta programu kisha kuirudishia fonti ile ile ni sawa na kufua shuka ukaitandika juu ya matope.

Lakini maneno ya mama yana jambo jengine ndani yake, na hapa ndipo nilipokaa nikafikiri. Mama amesomesha chuo. Mtu wa umri wake huku kwetu ana uwezekano mkubwa wa kuwa amejifunza kwa msahafu uliochapwa Bombay, zile karatasi za rangi ya mchele zilizojaa pwani yote hii kabla misahafu ya Madina haijaanza kuja na mahujaji. Herufi za msahafu wa Kihindi ni nene, zimekaa kwa nafasi, na alama zake zina desturi zake: fatha iliyosimama, kasra iliyosimama, na sukuni iliyo kama kipinde kidogo. Jicho la mwalimu huzisoma alama hizo kabla ya herufi.

Msahafu wa Madina, wenye kurasa 604 na mistari 15 kwa kila ukurasa, kwa khati ya Uthman Taha, una desturi nyengine. Sukuni yake ni kichwa kidogo cha khaa kisicho na nukta. Itazame juu ya laam na miim za *Alhamdu*. Kiduara kidogo nacho kina kazi yake mbali: kinaonesha kwamba herufi hii imeandikwa lakini haitamkwi, kama ile alifu ya mwisho katika *qaaluu*. Sasa fikiria fonti ya matangazo, ambayo sukuni yake huwa kiduara. Ukiivisha maandishi ya Madina, mtu aliyezoea Madina ataona viduara kila mahali na atashangaa mbona herufi nusu ya aya zimenyamazishwa. Mama yako naye, aliyezoea Bombay, atatafuta kile kipinde chake na hatakiona. Hakukosea aliposema siyo aliyosoma. Matamshi ni yale yale, riwaya, yaani njia ya usomaji, ni ile ile ya Hafs, ila mwandiko si wake.

Ndiyo maana sikutumii jina la fonti ukaipakue tu, ingawa wengi wangefanya hivyo. Ndani ya programu, kabla hujafika sehemu ya fonti, angalia kama pana sehemu ya kuchagua aina ya mwandiko: mara nyingi huwa Uthmani (mwandiko wa Madina) na Indopak (ule wa India na Pakistan, wa misahafu ya Bombay). Chagua Indopak. Hapo programu inabadilisha maandishi na fonti kwa pamoja, vyote viwili vikiwa vimetengenezwa kuoana, na mama atarudi nyumbani kwake. Kisha ndipo uongeze ukubwa. Ukiona vichwa vya irabu vimekatwa kwa juu, ongeza nafasi kati ya mistari. Wengi hupunguza ukubwa wa herufi kwa kudhani fonti ni mbovu, kumbe mistari imebanana.

Programu yako ikiwa haina Indopak, tafuta yenye nayo. Programu za msahafu ni nyingi na za bure, na kubadilisha programu ni kazi ndogo kuliko kumfundisha mama mwandiko mpya akiwa na miaka sabini.

Na kama baadaye utataka fonti ya kuweka mwenyewe kwa maandishi ya Uthmani, ziko zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Amiri Quran ni ya bure, na umbo lake limefuata herufi za matbaa ya Bulaq ya Kairo, za mwaka 1905. Scheherazade New nayo ni ya bure, ila hiyo ni ya lugha nyingi zinazotumia herufi za Kiarabu, si ya msahafu peke yake. Jumba la Mfalme Fahd la Madina, linalochapa misahafu tangu 1984, lina fonti yake ya Hafs. Hii ni nzuri mno, ila itumie na maandishi yake tu. Tarakimu za Kiarabu katika fonti hii hutiwa ndani ya duara la mwisho wa aya, kwa hiyo ukiitumia kuandikia namba ya simu kwa tarakimu hizo, utaona mapambo matupu. Nimecheka sana siku niliyoliona hilo.

Faili lenyewe nalo lina visa. Jina lake liishie kwa .ttf au .otf. Likiishia .zip, lifungue kwanza. Likiishia .woff2, hilo ni la kurasa za intaneti, liache. Linganisha ukubwa wake na ule ulioandikwa mahali ulipolipakua, kwa sababu bando likikatika katikati unabaki na faili nusu, na faili nusu ni faili bovu. Tangu Android 11, programu haziruhusiwi tena kupekua folda za wenzake, kwa hiyo maelekezo ya zamani ya "tupia fonti kwenye folda ya programu" mara nyingi hayafanyi kazi. Liweke faili katika Vipakuliwa, kisha lichague kwa kitufe cha programu yenyewe. Baadaye funga programu kabisa, siyo kurudi nyuma tu, uifungue upya. Nyengine husoma fonti mara moja tu zinapoamka.

Ule mtindo wa maandishi kwenye mipangilio ya simu usiuhangaikie. Hubadilisha majina ya programu na ujumbe wako. Msahafu wenye fonti yake hauusikilizi.

Jambo moja nakuomba kwa dhati. Fundi yeyote akikwambia "futa data", mzuie. Kufuta kache, zile faili za muda, hakuna madhara, lakini kufuta data kunaondoa alama zote za mahali mtu aliposimama, visomo alivyopakua, kila kitu. Nasema hivi kwa sababu niliwahi kumfanyia mzee mmoja, nilipokuwa na meza yangu ya kutengeneza simu Chake Chake. Alikuwa na alama za hitima nne, moja aliianza kwa niaba ya marehemu mkewe. Nilibonyeza nikiwa na haraka, mvua inakuja na karafuu za jirani ziko nje. Hakunikemea. Aliuliza tu, "Sasa tutajuaje nilifika wapi?" Tuliketi tukakisia mpaka magharibi.

Ukimaliza, mpe mama simu mkononi na msahafu wake wa karatasi mapajani. Fungua mwanzo wa Albaqara, *Alif laam miim*, atazame madda (alama ya kuvuta) juu ya laam na miim kama zimekaa pahala pake. Kisha Ayatul Kursi, ambayo anaijua kwa moyo na ina alama za waqfu mfululizo. Hizo zikiwa sawa, nyengine hazitakusumbua. Yeye ndiye mkaguzi, si mimi wala wewe.

Barua kutoka Makunduchi

Bi Fundi, mimi ni mwanafunzi wa skuli ya sekondari. Nimevuta kile kipimo cha ukubwa wa herufi mpaka mwisho, msahafu wangu haukui hata chembe. Nimebadilisha fonti mara tatu, ziko vile vile. Simu yangu mbovu?

Jawabu

Simu yako nzima kabisa, mwanangu. Wewe unasoma kwa ukurasa, na kurasa zile katika programu nyingi ni picha: picha 604 za msahafu wa Madina, zimepangwa moja baada ya moja. Picha haina fonti. Kuna programu nyengine zinazotumia fonti moja kwa kila ukurasa, ambapo kila neno zima limechorwa kama umbo moja. Nazo pia hazikubali fonti ya kigeni, na faili la ukurasa likikosekana utaona vurugu ya alama kwenye ukurasa huo mmoja tu. Ukitaka kukuza, nenda kwenye usomaji wa aya kwa aya au wa tafsiri, hapo kipimo kitakusikia. Au laza simu upande, ukurasa utajaza upana wa kioo. Mimi mwenyewe kwa kuhifadhi nakushauri ubaki na ukurasa, kwa sababu aliyehifadhi hukumbuka aya ilikuwa kona gani, na ukikuza herufi kona zinahama.

Barua kutoka Jang'ombe, Unguja

Assalaamu alaykum Bi Fundi. Bibi yangu ana daftari la utenzi kwa herufi za Kiarabu. Nimeanza kuunakili kwenye simu kwa kutumia fonti nzuri ya msahafu, lakini kila penye *p*, *ch* na *v* herufi inakuwa ya sura tofauti, au mraba. Nimekosea wapi?

Jawabu

Waalaykumu ssalaam. Hukukosea, umechagua kalamu ya kazi nyengine. Qurani haina *p* wala *ch*, kwa hiyo aliyetengeneza fonti ya msahafu hakuwa na sababu ya kuzichora. Herufi hizo waandishi wetu walizichukua kwa Waajemi: *p* ni baa yenye nukta tatu chini, *ch* ni jiim yenye nukta tatu. Kwa *v* wengi huandika faa yenye nukta tatu juu. Tumia Scheherazade New au Noto Naskh Arabic, zote zinazo, na kwenye kibodi ongeza Kiajemi kando ya Kiarabu ili uzipate *p* na *ch*. Kwa *v*, bonyeza faa ya kibodi ya Kiarabu kwa muda mrefu. Kwenye kibodi nyingi itatokea hapo.

Halafu kabla hujaenda mbali, muulize bibi yeye mwenyewe *v* anaiandikaje. Wazee wengi walitia faa ya kawaida na kumuachia msomaji atambue, na kama daftari lake ni la namna hiyo, nakili alivyoandika. Piga pia picha ya kila ukurasa kabla ya kuanza, mchana, kwenye mwanga wa dirisha, bila flashi. Wino wa zamani ukipigwa flashi hung'aa na nukta hupotea, na huko nukta moja tu ndiyo inayotofautisha faa na qaafu.