Mgonjwa anasema mdomo umekauka, mimi naona umelowa: nipime vipi?

Swali: Shikamoo daktari. Nina mgonjwa kamaliza mionzi ya koo miezi 7 iliyopita, kila kliniki analalamika mdomo mkavu ila nikimulika tochi naona majimaji. Kuna kipimo au naandika tu anavyosema?

Jibu: Marahaba sista. Andika anavyosema NA upime, maana kuhisi ukavu ni kitu kimoja na mate kupungua ni kingine, mara nyingi havilingani kabisa. Muulize kama usiku anaamka kunywa maji, kama chakula kikavu kinapita bila kusukumiwa na maji, na hili la mate kunata muulize peke yake, hata dodoso la EORTC (shirika la Ulaya la utafiti wa saratani) la kichwa na shingo limetenganisha ukavu na mate kunata. Tezi za mbele ya sikio ndo zinatoa mate mepesi, zikiungua kinachobaki ni kizito, kwa hiyo hayo majimaji yako yanaweza kuwa povu tu. Pitisha kioo cha meno ndani ya shavu, kikinata umepata jibu. Angalia na chini ya ulimi kama mate yanatuama, na meno pale yanapokutana na fizi, kuoza kwa mionzi kunapenda kuanzia hapo.

Kupima sasa. Saa nzima asile, asinywe, asivute sigara wala kupiga mswaki. Akae, ainamishe kichwa, ameze yaliyopo, halafu aache mate yadondoke yenyewe kwenye kikombe ulichokipima uzito, dakika 10 hivi (asiyavute jamani, wengi wanakosea hapo). Gramu 1 iliyoongezeka hesabu mililita 1, gawa kwa dakika. Kawaida ni kama mililita 0.3 mpaka 0.4 kwa dakika, ikiwa 0.1 au chini huo ni upungufu wa kweli. Rudia akitafuna chingamu isiyo na sukari, chini ya 0.7 ni kidogo. Yakiongezeka akitafuna ni habari njema, tezi bado zina uhai na pilokapini (dawa ya kuchochea mate) ina cha kufanyia kazi.

Kabla hujalaumu mionzi pitia dawa zake, amitriptilini ya maumivu inakausha sana. Na omba ripoti ya mionzi, tezi ya sikio iliyopata wastani chini ya grei (kipimo cha dozi ya mionzi) 26 hivi huwa inajirudi taratibu mwaka mpaka miwili, miezi 7 bado mapema. Ukimrudia mpime saa ileile, mate ya asubuhi na ya mchana hayafanani.