Hakuna aliyeshushwa daraja: F1, Safari Rally na dau la mbuzi

Ndugu yangu, umeuliza mambo matatu kwa mpigo na la nne ukalificha katikati. Wewe unafuata Formula 1. Shemeji zako wenye Subaru wanasema F1 ni kuzunguka lami kama ngamia wa kinu, na kwamba mbio ni Safari Rally, ile rali ya Kenya, basi. Ukawajibu kuwa WRC, yaani mashindano ya dunia ya rali, ni ligi ya pili, dereva akishindwa F1 ndipo hushushwa huko. Unataka pia kujua NASCAR, zile mbio za magari za Marekani, inakaa wapi. Halafu kuna dau la mbuzi: wewe unasema Carlos Sainz wa F1 aliwahi kushinda Safari, wao wanasema hajawahi hata kuikanyaga. Huyo mbuzi acha afungwe kwanza, tutamrudia.

Hilo la kushushwa daraja linatokana na mpira. Tumezoea Ligi Kuu, chini yake kuna ligi nyingine, ukifungwa sana unateremka. Lakini F1 ina ngazi yake: F3, F2, kisha F1 yenyewe. WRC nayo ina yake: Junior WRC, WRC3, WRC2, halafu juu kabisa yale magari ya Rally1. Ni nyumba mbili, kila moja na ngazi zake, ingawa zote ziko chini ya FIA, shirikisho la mbio za magari duniani. Omanyala alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 hapo Kasarani mwaka 2021, na Kipchoge akamaliza marathoni ya Berlin kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9 mwaka uliofuata. Umewahi kusikia mtu akiuliza ni nani kati yao yuko daraja la chini?

Sikucheki, kwa sababu hata mimi nilichanganyikiwa, tena nikiwa nimesimama kando ya njia. Nimezaliwa Nakuru. Pasaka ya 1994, ile ambayo Ian Duncan alishinda Safari na Toyota Celica, baba alitupakia nyuma ya pikapu akatupeleka kusubiri magari. Likapita moja. Tukakaa. Likapita la pili, tukakaa tena mpaka chai ikapoa kwenye chupa. Nikauliza, "Baba, nani anaongoza?" Mzee alikuwa na saa mkononi na daftari gotini, anaandika namba ya gari na dakika lilipopita. Akanijibu bila kuinua macho, "Ngoja nimalize hesabu."

Yote yako katika jibu hilo. Kwenye rali hupambani na gari lililo mbele yako, unapambana na saa. Magari huachiliwa moja moja, na muda wa kila mkondo, yaani kila kipande cha njia kinachopimwa kwa saa, unajumlishwa mpaka siku ya mwisho. Lililotangulia njiani si lazima liwe linaongoza. Ijumaa hutangulia anayeongoza msimu mzima, na yeye ndiye huwafagilia wenzake changarawe. Kuanzia Jumamosi wanageuza, wa nyuma huondoka kwanza. Mwaka 2022 nilijitolea kuwa mmoja wa wasimamizi wa kamba na filimbi wa Safari kule Kedong, karibu na Naivasha, na kijana mwenye kofia ya Red Bull, timu ya F1, akanijia baada ya gari la tatu kupita: "Bosi, mbona huyu wa kwanza amewaacha wenzake hivi na hakuna anayemfukuza?" Nikajiona mimi mwenyewe wa 1994. Nikamwambia atoe simu aangalie muda.

Kedong kuna vumbi ambalo ukilishika linapita vidoleni kama unga wa ngano. Wenyewe wanaliita feshi-feshi. Kwanza unasikia helikopta, kisha injini, kisha mawe madogo yanayopiga tumbo la gari, ka-ka-ka, na gari lenyewe bado hujaliona. Likitokea, dereva utamwona macho kodo. Sasa mtazame aliye pembeni yake. Mwelekezi ameinamia daftari, anasoma kona ambazo hata hajazitazama, gari likiruka zaidi ya kilomita 150 kwa saa. Wanaruhusiwa kupita njia hiyo mara mbili tu kabla ya mashindano, kwa mwendo wa kawaida, ili waandike maelezo. Baada ya hapo ni kuaminiana. Sijui kazi nyingine ya usukani ambapo nusu ya uendeshaji hufanywa na mtu asiyetazama barabara.

Na jambo ambalo watu wa F1 huwa hawaliamini mpaka walione: kati ya mkondo mmoja na mwingine, magari hayo hupita barabara za kawaida, yana namba za usajili na yanatii sheria. Nimeliona Toyota la timu ya kiwandani likisubiri nyuma ya matatu Naivasha, taa ya kona inawaka, konda ananing'inia mlangoni anampungia dereva mkono. Likiharibika huko njiani, dereva na mwelekezi wanalirekebisha wenyewe kwa vyombo walivyobeba. Mafundi hawagusi mpaka gari lifike sehemu yao, nako dakika ni za kuhesabiwa. Kwenye Safari ya 2021 dereva Thierry Neuville aliamka Jumapili akiongoza kwa karibu dakika nzima, shokapu ya nyuma ikavunjika kwenye mkondo wa Loldia, akaishia hapo. Mpinzani wake Sébastien Ogier akachukua ushindi.

Shemeji zako wakianza habari za Safari ya zamani, wewe kaa kimya usikilize. Ilianza 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kuna miaka ilikaribia kilomita 5,000 kwenye barabara ambazo hazikufungwa kwa ajili ya mtu. Mwaka 1968 yaliondoka magari 93 yakamaliza 7. Joginder Singh alikuwa mmoja wa hao saba, kama alivyokuwa 1963 ambapo pia yalimaliza saba tu. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, alishinda 1966 na 1967 na Peugeot 404. Shekhar Mehta alishinda mara tano. Hiyo ni mali yetu, na wana haki ya kujivuna.

Wanapokosea ni pale wanaposema madereva wa F1 wamekaa kwenye kochi. Waambie watafute mashindano ya Qatar ya 2023. Joto lilikuwa kali hadi Esteban Ocon akatapika ndani ya helmeti na kuendelea, na Logan Sargeant akashindwa kumaliza. Gari la F1 likikanyagwa breki, mwili wa dereva unasukumwa mbele kwa nguvu inayofikia mara tano ya uzito wake, na shingo inabeba kichwa pamoja na helmeti, kona baada ya kona, kwa karibu kilomita 305. Hapo hapo anaongea na fundi redioni, anachunga tairi zisiishe, na kuna mtu nyuma yake anatafuta upenyo wa kuingiza pua. Katika mashindano hayo hayo ya Qatar, mafundi wa McLaren walibadilisha tairi zote nne za Lando Norris kwa sekunde 1.80. Shemeji yako anayebadilisha pancha Gilgil kwa dakika arobaini huku akilaumu jeki apunguze maneno.

Hapa niungame. Miaka michache iliyopita tulikuwa na kikundi cha kutazama F1 kila Jumapili, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya bango. Nikapata picha safi mtandaoni, nikachapisha, tukabandika. Siku ya kwanza akaja mzee mmoja aliyewahi kuishi Marekani, akalitazama, akacheka mpaka akaomba kiti. Lilikuwa gari la IndyCar, mbio nyingine za Marekani. Kwa mbali yanafanana sana: tairi ziko nje, pua ndefu, dereva mmoja kwenye kiti kisicho na paa. Yule mzee akanifundisha nitazame mambo mawili. Tairi: zikiandikwa Pirelli ni F1, zikiandikwa Firestone ni IndyCar. Na mbele ya uso wa dereva: F1 ina ule mhimili uitwao halo peke yake, IndyCar imeongeza kioo juu yake tangu 2020. Bango halikutolewa, lilikaa msimu mzima kama adhabu yangu.

NASCAR ni ya Wamarekani na ilianza 1948. Si tawi la F1 wala la WRC. Ni magari mazito yenye bodi, injini kubwa za V8, mashindano 36 ya kuwania alama kwa mwaka, mengi yakiwa kwenye viwanja vya mviringo. Watu hucheka kwamba wanakata kushoto tu. Kweli wanakata kushoto, lakini wako magari zaidi ya thelathini, bampa kwa bampa, kwa mwendo unaozidi kilomita 290 kwa saa pale Daytona, na kumgusa mwenzako kidogo ni sehemu ya mchezo. Mimi hainikamati, nalala raundi ya arobaini. Ila hayo ni macho yangu, si kasoro ya mchezo.

Le Mans, kule Ufaransa, ni saa 24 za madereva kupokezana gari. Dakar ni jangwa, na tangu 2020 iko Saudi Arabia ingawa jina bado ni la Senegali, ambalo nalo linachanganya watu kila Januari. Halafu usichanganye Safari Rally na ile Safari Classic ya akina Porsche 911 wazee. Hiyo ni mashindano mengine kabisa, ya magari ya kale, na kila ikija kuna mtu hupiga picha barabarani na kuandika "WRC imerudi".

Ukitaka kuwanyamazisha shemeji zako bila ugomvi, wape mfano wa Rhino Charge. Iko hapa hapa Kenya tangu 1989, ya kuchangia uhifadhi wa msitu wa Aberdare. Unapewa vituo 13 porini na saa kumi za kuvifikia, na mshindi ni yule aliyetembea kilomita chache zaidi. Si aliyewahi, bali aliyekata njia ya mkato kupita korongo ambalo mbuzi angelikataa. Ukiileta hiyo mezani, swali la nani ana kasi zaidi linakwama lenyewe, maana lazima kwanza mtu aseme wanahesabu nini.

Madereva wenyewe wala hawagombani hivi. Kimi Räikkönen, bingwa wa F1 wa 2007, alienda WRC 2010 na 2011, na matokeo yake bora yalikuwa nafasi ya tano Uturuki. Bingwa wa dunia, nafasi ya tano! Ukisema WRC ni ligi ya pili, jibu hilo kwanza. Lakini na shemeji zako wasishangilie haraka: akarudi F1 2012 na mwaka huo huo akashinda Abu Dhabi, kwa hiyo hakuwa amechakaa. Fernando Alonso alishinda Le Mans mara mbili, akaenda Dakar 2020 akamaliza wa 13, na Indianapolis 2019 alishindwa hata kufuzu kuanza.

Sasa mbuzi. Aliyeshinda Safari ni Carlos Sainz, kweli kabisa, mwaka 1992, na Toyota Celica, na mwaka huo akawa bingwa wa dunia wa WRC kwa mara ya pili. Huyo ni baba. Wa F1, uliyemwona na Ferrari na sasa Williams, ni mwanawe, wanaitwa jina moja, na alizaliwa Septemba 1994. Baba yake aliposhinda Nairobi, yeye hakuwa hata amezaliwa.

Kwa hiyo dau hili umelipoteza: ulisema wa F1, na wa F1 hajashinda Safari. Ila na wao waulize kama walijua kuna wawili. Wakikiri hawakujua, mbuzi huyo mnunue wewe nusu, wao nusu, na kichwa kiletwe Nakuru. Supu nitaipika mimi.